Masikio hayauzwi Darajani: namna ya kuyalinda na makelele yetu ya kila siku

Jipime kwanza hapo hapo ulipo, kabla hujaendelea kusoma. Mnyooshee mwenzio mkono kama unampa kikombe cha kahawa, vidole vimfike begani, halafu zungumza naye kwa sauti ya kawaida ya barazani. Akikusikia bila kukunja uso basi mpo salama. Ikibidi upige ukelele ndo akusikie na huku yupo urefu wa mkono tu, kelele ya hapo ishavuka kile kiwango masikio yako yanachoweza kukihimili kutwa, na saa ishaanza kuhesabu hata kama huumwi popote. Kipimo hichi hakitaki simu wala bando, na ukikizoea utastaajabu ni pahala pangapi petu hapafaulu: sokoni Darajani hapa mjini Unguja ukisimama na mashine ya miwa, gari ya abiria ya 502 ile yenye maspika chini ya viti, duka la kukunia nazi, na ukumbi wa harusi wowote ule bibi harusi akishaingia.

Nnayasema haya mimi niliyekuwa nayapandisha hayo maspika. Miaka 11 nilikuwa fundi mitambo, harusi za mjini na shamba, maulidi, kampeni, na mara mbili tatu tumevuka na mtambo mzima mpaka Pemba, tumeshusha Mkoani tukenda kufunga Konde usiku usiku. Kwa hiyo yakhe kama ushawahi kurudi harusini masikio yanakulia nyenje mpaka asubuhi, inawezekana kabisa aliyekufanyia hivyo ni mimi, niwie radhi.

Nilivyojijua kwamba yangu yamekwenda ni kwa pesa. Mteja kanipigia simu tumepatana bei, yeye kasema laki na sitini mimi nimesikia laki na tisini. Siku ya kulipana tukagombana mbele ya watu, mtu mzima yule, nikamwona tapeli nikaondoka na nyaya zangu na hasira. Wiki mbili baadae likatokea tena na mtu mwengine. Mara ya tatu ni mke wangu, ananiagiza hichi nnaleta kile, ananiambia we siku hizi hunisikilizi, na mimi nnaapa nimesikia. Na kweli nilikuwa nnasikia, hapo ndo pa kudanganyika, sauti ya mtu inakuja vizuri tu ila maneno hayaji, kama redio iliyowekwa chini ya mto.

Nikenda spitali nikatiwa kwenye chumba kidogo cha kimya, nimevishwa hedifoni, kila ukisikia mlio bonyeza. Daktari katoa karatasi mstari unakwenda vizuri vizuri halafu unatumbukia shimoni penye hezi 4000 (hezi ndo kipimo cha wembamba wa sauti), halafu unapanda kidogo. Sijamwambia mimi nani, kaniuliza tu, "Baba, wewe unafanya kazi kwenye kelele?" Kumbe lile shimo la pale ndo saini ya kelele, uzee hauchori vile, uzee unauteremsha mstari moja kwa moja bila kuurudisha.

Sasa kwa nini sitini ikawa tisini. Ndani kabisa ya sikio mna kitu kimejizungusha kama gamba la konokono na kimejaa maji, na ndani ya yale maji mna seli zenye vinywele vidogo mno, kama elfu 15 hivi kwa kila sikio. Sauti ikiingia maji yanacheza na vinywele vinayumba, fikiria mwani wa Paje na Jambiani unavyoyumba kwenye kamba maji yakijaa. Wenye kulima mwani wanajua, bahari ya kawaida haiudhuru, lakini ikija siku ya upepo mbaya unakatika unakwenda zake na kamba zinabaki tupu. Ila mwani utafunga mbegu nyengine. Hivi vya sikioni vikishakufa havioti tena, si kwa dawa, si kwa kombe, si kwa operesheni. Na vinavyotangulia kufa ni vile vya karibu na mlangoni, ambavyo kazi yake ni kusikia sauti nyembamba: s, sh, f, t, sauti za watoto, ndege asubuhi. Zile nene a, o, u zinabaki. Sitini na tisini ukiziondolea s na t hazina tofauti yoyote, zote ni i-i-ni, ndo nikagombana na mzee wa watu.

Na usijipongeze ukirudi harusini masikio yameziba kama yametiwa pamba halafu asubuhi yamefunguka. Kufunguka kule si ushahidi kwamba hakikuharibika kitu, ni kwamba vilivyolala vimeinuka, vilivyokatika hukuvihesabu.

Kelele ni dozi

Hapa ndo penye kiini chenyewe, ukishika hili mengine yote utayatoa mwenyewe. Watu wanauliza "kelele hii kubwa au ndogo", suali hilo nusu tu, nusu ya pili ni "kwa muda gani". Kama jua la saa 7 mchana, dakika tano unakwenda dukani unarudi, saa tano unaungua.

Kelele inapimwa kwa desibeli na hesabu zake si za dukani. Ukiongeza 3 tu, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo muda wako unakatwa nusu. Mazungumzo ya barazani ni kama 60. Ikifika 85 una saa 8 kwa siku. 88, saa 4. 91, saa 2. 94, saa moja. 97 nusu saa, na 100 robo saa, basi. Hesabu hizi ni za NIOSH ya Marekani, wale wanaohusika na afya za wafanyakazi, na mimi siku moja nikafungua programu ya kupima kelele kwenye simu nikaiweka mezani kwa wageni harusini, si mbele ya spika, mezani, ikasoma 100 na ushee. Simu haipimi sawasawa kama chombo cha wataalamu, lakini hata tukiipunguzia, robo saa yako imekwisha chai haijaletwa, na harusi saa nne.

Na dozi hiyo ni ya siku nzima inajumlishwa. Fundi seremala anapiga randa asubuhi mpaka adhuhuri, anapanda gari la maspika kurudi nyumbani, jioni katia iafoni, vile visikilizio vya masikioni, anaangalia mpira, usiku kuna harusi kwa shangazi. Sikio halijui hii ya riziki hii ya raha, linajumlisha tu.

Ukumbini na chini ya turubali

Hapa ntakaa sana kwa sababu ndo nnapopajua, na kwa sababu hapa ndo watu wanapata dozi kubwa na hawataki kuambiwa.

Kwanza pa kukaa. Nje, uwanjani au chini ya turubali, kila ukizidisha umbali wako na spika mara mbili unapunguza desibeli 6 hivi. Yaani upo mita 2 inapiga 100, sogea mita 4 inakuwa 94, mita 8 inakuwa 88. Rudi kwenye hesabu zetu za juu: robo saa imegeuka saa 4, kwa kuhamisha kiti hatua kumi tu. Hakuna dawa wala kifaa kinachokupa faida hiyo kwa bei hiyo. Lakini ukumbini si hivyo, kuta na vigae vinairudisha sauti kwa hiyo hata ukenda mwisho kabisa inakufuata. Mule ndani mchezo ni kukwepa njia ya spika, ile honi ya sauti nyembamba inapiga mbele yake kama tochi, kwa hiyo kaa ubavuni au nyuma ya spika, karibu na mapazia au mlango uliofunguliwa, na usikae kwenye kona maana besi inajikusanya konani.

Pili toka nje. Kila nusu saa au saa simama kama unayekwenda kupokea simu, kaa barazani dakika kumi, hakuna atakayekuuliza. Kutoka toka huko ndo kulikoyaokoa masikio ya wale wenzangu waliokuwa wavuta sigara, Mungu nisamehe kusema hivyo, walitoka kuvuta, mapafu ndo waliyoyaonea.

Tatu vizibo. Vile vya sponji vya rangi rangi, vinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi na baadhi ya famasi, bei yake haifiki hata ya soda na andazi ukinunua pea moja. Kinamama hapa mmejaaliwa, ushungi unaficha kila kitu, unaweza kukaa meza ya mbele kabisa na vizibo masikioni na mama mkwe asijue. Ila mtandio wenyewe hauzuii sauti, msijidanganye, kinachozuia ni kizibo.

Namna ya kuvitia, maana nnaowaona wengi wanavibandika mlangoni tu halafu wanasema havifanyi kazi: nawa mikono. Kisokote kizibo baina ya vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti. Mkono wa pili upitishe juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma, hapo tundu linanyooka. Kiingize upesi, kishikilie kwa kidole nusu dakika mpaka kikivimba kijaze. Kikikaa sawa sauti yako mwenyewe utaisikia inavuma kama umeingiza kichwa ndani ya mtungi. Halafu ziba masikio kwa viganja ufungue, ukiona tofauti kubwa basi hakijakaa, toa uanze tena. Kwenye paketi utakuta namba, mfano 30 na kitu, hiyo ni ya maabara walikovalishwa na wataalamu, mtaani igawe nusu ndo uhesabie. Nusu yake bado ni 15, yaani ukumbi wa 100 umekuwa 85, yaani robo saa imekuwa saa 8. Kikiwa kigumu au kichafu tupa.

Pamba haifai. Kila mtu ananiambia "mimi natia pamba". Pamba na tishu hewa inapita na sauti inapita, unapunguza kidogo sana, na ubaya wake unajiona umejikinga halafu unasogea karibu.

Usipokuwa na kitu una vidole. Kidole kikiziba vizuri tundu la sikio kinashinda pamba mbali kabisa. Watu wanaona haya, vespa iliyotobolewa ekzosi inapita mbele yao wanajikaza kiume. Muadhini wa zamani kabla ya maikrofoni alikuwa anatia vidole masikioni mbele ya kijiji kizima na hakuna aliyemcheka, ijapokuwa yeye alikuwa na sababu zake nyengine. Tia vidole, kipite, toa.

Kumwambia fundi apunguze ni sanaa. Usimwambie "punguza", fundi akisikia punguza anasikia "hujui kazi", nnajua maana mimi nilikuwa ukiniambia punguza naongeza. Mwambie "maneno hayafahamiki". Hapo ataanza kuhangaika mwenyewe na ataishia kupunguza.

Na kwa mafundi wenzangu mawili matatu, wengine mruke. Pandisheni spika juu ya vichwa vya watu, mkiziweka chini meza za mbele zinakufa na za nyuma hazisikii, mnaongeza, za mbele zinakufa zaidi. Spika nne zilizotawanywa kwa sauti ndogo zinashinda mbili zinazolia mpaka zinakwaruza. Ikianza kukwaruza si kwamba ina nguvu, ni amplifaya imeishiwa. Na hili sikilizeni vizuri: baada ya saa moja ya mziki masikio yako wewe fundi yashachoka, unausikia mdogo, unauongeza, baada ya saa nyengine unauongeza tena, na wageni waliofika sasa hivi wanashika vichwa. Mwanzo wa shughuli ukishapanga sauti bandika kipande cha tepu kwenye miksa uweke alama ya kalamu, na alama hiyo usiivuke usiku kucha hata akija bwana harusi mwenyewe kukuomba. Bibi harusi akiingia mpe wimbo mmoja wa nguvu, halafu rudi kwenye alama. Nilianza kufanya hivi mwaka wa mwisho wa kazi, mwaka ambao haukunifaa tena.

Iafoni

Vijana hawaji harusini kila siku lakini iafoni zipo masikioni kucha kutwa, mpaka wengine wanalala nazo. Shirika la Afya Duniani kipimo chao kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, watoto 75. Kwa lugha ya mtaani, usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu yako, na kila saa moja yavue masikio yapumue.

Tatizo si iafoni, tatizo ni gari. Nyumbani usiku asilimia 30 inatosha, ukipanda gari injini inanguruma, konda anagonga bodi, mziki wa dereva, unaipandisha yako mpaka 90 ishinde yote hayo, sasa una kelele mbili. Kwa hiyo ama tumia zile zinazoziba tundu vizuri, au zile zenye uwezo wa kuzima kelele za nje kama mfuko unaruhusu, ama zima kabisa usubiri ufike. Lile onyo linalotokea kwenye simu ukipandisha sauti, ambalo sote tunabonyeza sawa bila kusoma, lile ndo linakwambia umefika pabaya. Simu nyingi ukiingia kwenye seting za sauti unaweza kufunga kiwango kisipandishwe, mfungie mtoto, na yako pia. Kipimo cha haraka: mwenzio aliyekaa pembeni yako akiufahamu wimbo unaousikiliza, punguza.

Wa vespa na pikipiki iafoni msizitie masikioni kabisa mkiwa barabarani, hilo si la masikio tu.

Kazini na nyumbani

Mwaka 2009 mwezi wa Disemba mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani, waya wa baharini wa umeme kutoka bara ulikufa, waliokuwepo wanakumbuka. Kila duka jenereta mlangoni, Mji Mkongwe vichochoro vile vyembamba kuta pande mbili, kelele haina pa kukimbilia. Miezi mitatu. Sisi wa mitambo jenereta tulikuwa tunaishi nalo, tunalalia pembeni yake. Kama unalo jenereta mpaka leo lipeleke mbali uwezavyo kwa waya mrefu, ekzosi isiangalie ukuta wala dirisha la jirani, liweke nje palipo wazi kwa ajili ya moshi pia, maana moshi wa jenereta ndani ya nyumba unaua mtu usingizini, na usilijengee kibanda cha mabati matupu kinachogeuka ngoma.

Seremala, mwenye grainda, mchomeleaji, anayepasua mbao kwa msumeno wa injini kule Pemba: wewe si wa vizibo vya kukumbuka ukikumbuka, wewe ni kila siku. Msumeno wa injini unafika 105 mpaka 110, kwa hesabu zetu dozi ya siku nzima inakwisha chini ya dakika tano. Kwa kazi hiyo vaa vizibo na juu yake vile vifuniko vikubwa vya kama hedifoni. Panga kazi pia, mbao zote pasua kwa mkupuo mmoja halafu zima mashine, usiiache inanguruma unapima na kuchora. Mashine ikianza kulia zaidi ya kawaida ina beringi mbovu au meno butu, itengeneze, masikio yatasalimika na mbao itatoka nzuri. Na mwanafunzi wako, yule kijana anayeshikilia ubao upande wa pili, yeye anapata kelele ile ile na hana kauli ya kuomba vizibo, mnunulie wewe.

Anayekuna nazi au kukamua miwa kutwa, vizibo vya sponji vinatosha, bei za wateja utazisikia tu, na zaidi utazisikia vizuri miaka ishirini ijayo. Blenda ya juisi nyumbani dakika mbili haina neno. Wavuvi wa mashine, kaa mbali na injini zamu yako isipokuwa ya usukani. Kwenye boti la Dar viti vya nyuma karibu na injini waachie wengine. Haya nnayapitia mbio maana kanuni ni ile ile.

Fataki na watoto

Usiku wa kuamkia 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi, na sikukuu za Idi. Fataki si dozi ya saa, ni pigo moja, na pigo moja likiwa kubwa mno linatosha kukata. Wataalamu wanasema mtu mzima asipate pigo linalovuka desibeli 140 na mtoto 120, na fataki ya mkononi ikiripuka karibu inaweza kuvuka hapo. Kuzitazama rangi zake kutoka mbali ni raha yake nzima, hupungukiwi kitu. Zile za kurushiana miguuni watoto wanyang'anye.

Mtoto mchanga usimpeleke ukumbini. Nnajua, nnajua, utamwacha na nani. Lakini tundu la sikio la mtoto ni dogo na sauti ndani yake inakuwa kali zaidi, naye hawezi kukwambia, analia unadhani njaa. Vizibo vya sponji usimtie atavimeza, kuna vifuniko vya kitoto vya nje, kama huna basi bibi yake abaki naye nyumbani au kaa naye chumba cha nje.

Usifanye, na lini ukimbie spitali

Usichokonoe kwa pamba za vijiti, njiti ya kibiriti, wala ufunguo wa vespa, ndiyo nimeona. Unaisukuma nta ndani inaziba. Usimwagie mafuta ya moto wala kitunguu. Nta yenyewe inatoka polepole, ikiziba ikatolewe na mwenye vifaa.

Waliomeza kwinini wanakumbuka masikio yanavyolia. Baadhi ya dawa zinagusa masikio, kwinini mojawapo, sindano za jentamaisini na streptomaisini pia, na ukizichanganya na kelele ubaya unazidi. Usiache dawa kwa kusoma hapa, mwambie tu daktari kwamba kazi yako ya kelele au kwamba masikio yameanza kulia, ajue la kufanya.

Ukiamka sikio moja limezima ghafla, usisubiri lifunguke, usiseme upepo, siku hiyo hiyo nenda. Kuna dawa zinazosaidia lakini ni ndani ya siku chache za mwanzo, ukija wiki ya tatu umechelewa. Vilevile mlio unaozidi siku mbili, mlio wa sikio moja tu, usaha, maumivu, kizunguzungu. Anzia spitali kubwa iliyo karibu nawe, Unguja Mnazi Mmoja, Pemba Chake Chake au Abdalla Mzee pale Mkoani, uliza daktari wa masikio na omba upimwe usikivu, si kuchunguliwa kwa tochi tu. Mwenye kazi ya kelele apimwe kila mwaka hata kama hana shida. Hiyo karatasi ya mwaka wa kwanza iweke vizuri, ndo utakayolinganishia.

Na kwa ambao nyenje washahamia kama kwangu: mchana huwasikii sana, wanakuja usiku kila kitu kikinyamaza. Usikae kimya kabisa, na usiupigie mlio kelele nyengine ya kuufunika, weka sauti ndogo tu ya pembeni, redio iliyoshushwa au feni. Punguza kuufuatilia, ukiusikiliza unakua. Mimi nalala na feni namba moja, hata msimu wa baridi naielekeza ukutani isinipige. Mke wangu kashaizoea. Umeme ukikatika tu, kabla hata sijafungua macho, nnajua, maana nyenje wanarudi wote kwa mara moja.